Gofu: Tuliza moyo kabla ya kuinua fimbo

Je, mpenzi msomaji, umewahi kusimama na fimbo ya gofu mkononi, shimo likiwa hatua mbili tu mbele yako, kisha mikono ikaanza kutetemeka kana kwamba umeshinda ukibeba magunia ya majani chai? Wengi hudhani huo ni upungufu wa ujuzi. La hasha! Aghalabu ni mwili unaofanya kazi yake, ila kwa wakati usiofaa.

Unapohofia kushindwa, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, na misuli ya vidole na mabega hukaza. Kwa mkimbiaji hali hii ni baraka. Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka wa 1964, aliihitaji kwa muda usiofika dakika 2 katika mbio za mita 800. Mwanagofu naye hukaa uwanjani kama saa 4, na sehemu kubwa ya muda huo hapigi chochote. Anatembea na kuwaza.

Uwanja wa Kericho, ulio katika eneo la mashamba ya chai, una mashimo 9. Anayetaka kucheza 18 huuzunguka mara mbili, na shimo lililomwaibisha asubuhi atakutana nalo tena. Ukilifikia ukisema moyoni, "Hapa ndipo nilipopoteza mpira," mwili utaitikia kabla hujainua fimbo.

Ufanye nini basi? Anza na pumzi. Vuta hewa polepole kwa pua, kisha uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa hewa hivyo huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Rudia mara 3 au 4 unapoukaribia mpira. (Ikiwa umetoka Mombasa, kumbuka Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuhema kilimani si lazima kuwe woga.)

Kisha uwe na utaratibu mmoja usiobadilika: simama nyuma ya mpira, chagua mahali unapotaka utue, jaribu fimbo mara moja, piga. Usianze kuwaza kiwiko, kiuno na goti wakati huo. Mambo hayo ni ya mazoezini. Macho na fikira viwe kwa shabaha.

Jean van de Velde wa Ufaransa alifika shimo la mwisho la mashindano ya Open huko Carnoustie, Uskoti, mwaka wa 1999, akiongoza kwa mikwaju 3. Hata mikwaju 6 ingemtosha. Alipiga 7, na Paul Lawrie akamshinda katika mchujo wa baadaye. Watu wangali wanamcheka, lakini nadhani wanasahau jambo moja: baada ya mpira kuingia mtoni na mchangani, mkwaju ule wa 7 haukuwa rahisi hata kidogo, naye akautia shimoni. Akili iliyovurugika inaweza kurejea ndani ya dakika chache.

Mawingu ya alasiri yanapokusanyika juu ya majani chai, wengi hupiga haraka haraka ili wamalize, na pumzi huvurugika upya. Radi ikianza, achana na mchezo uingie ndani ya jengo, wala usijikinge chini ya mti. Bia ya "kutuliza mikono" nayo huharibu mizani ya mwili na uamuzi.

Kifundo cha mkono kikizidi kushtuka chenyewe kila unapopiga mkwaju mfupi, au woga ukikufuata ofisini na kitandani kwa majuma kadhaa, mwone daktari. Na maumivu ya kifua yanayobana, yakisambaa hadi mkononi au tayani pamoja na jasho jembamba, usiyaite woga wa mchezo. Weka fimbo chini, keti, mwambie kedi wako aite msaada, upelekwe hospitalini bila kungoja kumaliza shimo.