Jirani Anayeuza Kitu Kilekile

Anayetafuta simu Dar es Salaam huelekezwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Huko fremu zimebanana, na nyingi zinauza kitu kilekile. Asiyeijua biashara angedhani wenye maduka wanakabana koo, kumbe wanaleteana wateja. Mtu aliyekusanya laki tatu za simu anataka kulinganisha bei, kushika hii na ile, kuomba apunguziwe. Akijua maduka yako mengi mahali pamoja, atapanda daladala kutoka Mbagala. Lingekuwa moja tu, huenda asingejisumbua. Hata ushindani wenyewe huwavuta pamoja: mwaka 1929 mwanauchumi Harold Hotelling alieleza kwamba wauzaji wa bidhaa moja, kila mmoja akiwania wateja wa mwenzake, huishia kusogeleana.

Si kila biashara iko hivyo. Hakuna anayezunguka maduka kumi kutafuta maji ya kunywa au dawa ya kichwa. Hizo zinafaa kutawanyika, kila kona na lake.

Nguvu kubwa ya Kariakoo, hata hivyo, iko kwenye biashara zinazotegemeana. Mama anayeandaa sare za harusi hununua kitambaa kwa jora, akavuka barabara kutafuta bitana, zipu, uzi na vifungo, akampata fundi barazani, akala wali maharage kwa mama lishe, kisha mkokoteni ukabeba mzigo hadi kwenye gari. Duka la vitambaa limemuuzia mara moja, lakini limewalisha wengine kadhaa.

Jirani na hayo yote liko Soko Kuu, jengo la zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kisha likaungua Julai 2021. Nyanya, nafaka na mbegu zilikuwa zikiwatoa watu nyumbani alfajiri, saa nyingi kabla mnunuzi wa nguo hajaamka. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani, alisisitiza jambo hilo hasa: mtaa unahitaji watu wanaofika kwa saa tofauti na kwa haja tofauti. Unahitaji pia majengo ya zamani, yenye kodi ambayo biashara changa inaimudu.

Bila watu hao wanaopita, paa peke yake halitoshi. Machinga Complex ya Ilala ilijengwa ili wamachinga wapate pa kufanyia kazi, lakini wengi walivihama vizimba wakarudi barabarani, waliko wapita njia.

Kariakoo yenyewe sasa inapandishwa ghorofa. Nyumba za zamani zenye baraza zinabomolewa, na kodi na kilemba cha fremu mpya vinawezwa na anayeuza bidhaa ya thamani kubwa inayotoka haraka. Muuza vifungo haviwezi. Wenye majengo wangefanya busara kumwachia upenyo wa chini ya ngazi kwa kodi anayoimudu, kwa sababu akihamia Tegeta, mama wa sare naye atafikiria upya kama kuna haja ya kuja mjini.