Maziwa Yetu Makuu: Kipi Kitafitiwe Kwanza?

Mwanafunzi wa Singida Mjini ana maziwa mawili jirani, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, kwani hakuna mto uyatoao: mvua huyaleta, jua huyageuza mvuke, chumvi hubaki. Hayamo katika hesabu ya maziwa makuu ya maji baridi, lakini yanafaa kuwa darasa la swali linalowasumbua wataalamu wa maziwa hayo. Hatari ni nyingi, fedha ni chache. Utafiti upi utangulie?

Tutazame Ziwa Victoria. Sangara, samaki alaye samaki wenzake, aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu alionekana kwa nadra. Kisha, katika miaka ya 1980, akaongezeka ghafla. Furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wakapungua upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kazi Mwanza mwaka 1977, nao walikuwa wangali wakizitambua aina hizo zilipoanza kutoweka. Inakadiriwa kuwa takriban aina 200 zilipotea, nyingine kabla ya kupewa jina la kisayansi. Hakuna chombo kiwezacho kuzihesabu leo.

Ziwa Tanganyika lina habari nyingine. Joto la maji yake lilipimwa katika vina mbalimbali mwaka 1913. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kuwa, wakilinganisha na vipimo hivyo vya kale, ziwa limepata joto. Jambo hilo si dogo. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi zaidi kuliko yale ya chini, na upepo hushindwa kuyachanganya. Virutubisho husalia kilindini, mimea midogo ielelayo juu hukosa chakula, na kwa mimea hiyo ndipo riziki ya dagaa na migebuka inapoanzia. Ni kiasi gani cha upungufu wa samaki kitokanacho na joto, na kiasi gani na uvuvi, wataalamu wangali wakijadiliana.

Kwa maoni yangu, basi, litangulie swali ambalo lisipoulizwa leo halitajibika kesho. Chembe za plastiki, zilizotangazwa mwaka 2016 kukutwa matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ni hatari mpya (wala sisemi ipuuzwe). Lakini plastiki hujilimbikiza topeni, na tope huweza kuchimbwa na kupimwa hata baada ya miaka 20. Joto la maji la leo, kina kwa kina, halihifadhiki kwa usahihi lisipopimwa na kuandikwa.

Shule iliyo karibu na Singidani yaweza kuanza kwa nguzo moja yenye alama za sentimita, iliyosimikwa majini chini ya uangalizi wa mwalimu. Kina kisomwe kila juma, saa ile ile, pamoja na kiasi cha mvua. Nguzo ikihamishwa, tarehe ya kuhamishwa nayo iandikwe, la sivyo vipimo vya awali havitalinganishika na vitakavyofuata.