Trekta Kuukuu Yataka Mafundi Wawili

Trekta kuukuu ya dizeli ikiishiwa mafuta katikati ya shamba, kujaza tangi peke yake hakutoshi. Hewa imekwisha ingia katika mabomba ya mafuta, na injini haitawaka mpaka hewa hiyo itolewe. Kazi hii yataka watu wawili. Basi mwite ndugu yako.

Kwa Massey Ferguson 35 ya dizeli yenye silinda 3, fanyeni hivi. Kwanza jazeni mafuta safi, kisha pangusa vumbi lote penye chujio. Mmoja alegeze skrubu ya juu ya chujio. Mwenzake apige kwa mkono pampu ndogo ya mafuta. Povu litatoka. Mafuta yakitoka bila povu, kazeni skrubu. Fanyeni vivyo hivyo kwenye pampu kubwa, ndipo mpige stata.

Mara nyingine badilishaneni kazi, ili kila mmoja aijue yote. Mvua haimngojei mtu. Ikiwa ajuaye ni mmoja tu, siku atakayougua trekta italala na shamba halitalimwa.