Mbuta: Mwenyeji Turkana, Mvamizi Victoria

Ukiteremka kutoka Lokitaung hadi ufuo wa Lowarengak, samaki aitwaye mbuta si jambo la ajabu. Yumo Ziwa Turkana tangu enzi ambazo ziwa hilo lilikuwa limeungana na Nile, maelfu ya miaka iliyopita. Tilapia na wenzake wamezoea kuishi naye: hukimbilia penye kina kifupi, na vifaranga vya mbuta navyo huliwa na wengine.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta aliingizwa Ziwa Victoria. Nia ilikuwa kwamba awale furu, samaki wadogo wasio na soko, naye ageuke kitoweo cha maana. Kwa miaka mingi hakusikika sana. Miaka ya 1980 ndipo alipofurika. Viwanda vya minofu vilifunguliwa na fedha zikaingia, lakini inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Furu hawakuwahi kuishi na mwindaji anayeweza kufikia kilo 200.

Kumbukumbu zilisema mbegu ya mbuta wa Victoria ilitoka Ziwa Albert, na nyingine Turkana. Je, ni ipi iliyozaana? Mfugaji wa Lokitaung humtambua mbuzi aliyepotea kwa alama ya sikio. Mtaalamu humtambua samaki kwa vinasaba. Mwaka 1998 Lorenz Hauser na wenzake, akiwemo Mganda Richard Ogutu-Ohwayo, walichapisha matokeo ya ulinganisho huo: sehemu kubwa ya ukoo wa mbuta wa Victoria inaelekea Albert.

Siku hizi si lazima hata samaki mwenyewe ashikwe. Kila samaki huacha majini ute, kinyesi na vipande vya magamba, na ndani yake mna vinasaba. Mtafiti huvaa glavu mpya, hujaza chupa ya lita moja, huyapitisha maji kwenye kichujio chembamba, kisha hukihifadhi kichujio hicho ndani ya spiriti. Maabara huvizidisha vinasaba hivyo na kuvilinganisha na orodha ya aina zinazojulikana. Ufaransa ilitumia njia hii mwaka 2008 kumtafuta chura mgeni kutoka Marekani. Muda mfupi baadaye Wamarekani wakawafuatilia samaki wa Asia waitwao kapu katika mifereji ya Chicago. Kasoro yake ni kwamba maji husema samaki yumo au alipita, hayasemi wako wangapi wala kama wako hai. Joto na jua kali, ambavyo Turkana havikosi, huviharibu vinasaba upesi, kwa hiyo sampuli haifai kukaa juani.

Kwa Turkana, hatari ya samaki wageni iliyo karibu zaidi huenda ikawa tilapia wa kufugwa kuliko samaki mkubwa mlaji. Tilapia wa ziwa hili wana ukoo wao, uliopewa jina la kisayansi na Ethelwynn Trewavas mwaka 1933. Vifaranga kutoka kwingineko wakitoroka bwawani na kufika ziwani, watazaana na wenyeji bila macho ya mvuvi kuona tofauti. Tayari imetokea Baringo: mwaka 2007 Mkenya Dorothy Nyingi na Jean-François Agnèse walieleza kwamba tilapia wa huko, wenyeji kwa umbo, walibeba vinasaba vya upande wa mama vya aina nyingine ya tilapia, ambayo asili yake ni maziwa ya Uganda na Kongo.

Mchanganyiko kama huo hautolewi kwa wavu. Anayetaka kufuga aulize kwanza vifaranga vimetoka wapi, na asichimbe bwawa mahali ambapo mafuriko ya lagga, yaani mto wa msimu, yatalisomba hadi ziwani. Mvuvi akimpata samaki asiyemfahamu, akate kipande cha pezi ukubwa wa kucha, akiweke ndani ya spiriti, aandike tarehe na mahali, kisha akifikishe kwa ofisa wa uvuvi. Kipande hicho kinatosha maabara kumtaja samaki, na pengine hata anakotoka.