Likizo Mombasa: Ukila Likoni, Kisauni au Changamwe, tazama saa kwanza

Shule zikifungwa, mabasi na treni zinazoteremka Mombasa hujaa familia kutoka miji ya mlimani: Nyeri, Nyahururu, Kericho, Limuru. Nyingi huwa zimeshapanga mahali pa kulala na ufuo wa kuogelea. Chakula huachiwa bahati. Basi utawaona wageni wakizunguka mitaa ya Likoni saa tano asubuhi wakiulizia mahamri, nao wakiambiwa yamekwisha. Saa tisa wanaulizia mishkaki, wanaambiwa bado. Usiku wanaishia kununua chipsi na kuku, chakula kile kile walichokiacha mtaani kwao.

Chakula kipo, tena kizuri na cha bei nafuu. Kina saa zake tu. Anayetaka kula vizuri ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi, na aanze kupanga kwa saa, kisha ndipo atafute mahali.

Sababu ni joto na nazi. Katika mji wa baridi, githeri iliyochemshwa Jumamosi hukaa hadi Jumapili, ikakaangwa kwa kitunguu na nyanya, ikazidi utamu. Pwani, mchuzi wa nazi uliopikwa alfajiri unaweza kuchacha kabla ya jua kutua. Wapishi wengi wa mitaani ni akina mama wanaopikia mbele ya nyumba zao, bila friji kubwa ya kuhifadhia kilichobaki. Hupika kiasi wanachojua kitanunuliwa, wakauza, wakaosha masufuria, wakaingia ndani kushughulikia watoto. Utaratibu huo ndio unaomhakikishia mlaji chakula cha siku ile ile. Mgeni akiufuata, atakula kama wenyeji wanavyokula.

Asubuhi: Likoni

Staftahi ya Mombasa ni mbaazi za nazi na mahamri, na Likoni ni mahali pazuri pa kuila. Kila asubuhi maelfu ya watu hutoka Likoni kwenda kisiwani kazini, na jioni hurudi. Anayevuka kinyume nao, akatoka kisiwani asubuhi kwenda Likoni, hakutani na msongamano ule. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu. Mwenye gari ndiye anayelipa. Anayetoka kituo cha treni cha Miritini au uwanja wa ndege kwa gari anaweza pia kufuata barabara ya Dongo Kundu, akaibukia upande wa kusini bila kugusa kivuko.

Kazi ya mahamri huanza usiku. Unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukafunikwa ulale uumuke. Alfajiri donge husukumwa, likakatwa vipande vinne. Kila kipande kikitiwa kwenye mafuta ya moto huzama, kisha huibuka kimefura. Mpishi hukigeuza kwa kijiti, akasubiri kidogo, akakiopoa. Hamri lililoumuka sawasawa huwa na uwazi ndani, na ukilipasua likiwa moto, harufu ya iliki hukupanda puani.

Mbaazi nazo hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa hadi ziwe laini, kisha hutiwa tui jepesi, kitunguu, chumvi na pilipili. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, huja mwisho, juu ya moto mdogo, na mpishi hakomi kukoroga ili lisikatike. Mbaazi za namna hiyo hazihitaji nyama wala kiungo kingine.

Fika kabla ya saa mbili. Wenyeji huja na bakuli au hotipoti zao, wakatiliwa za kula nyumbani. Mgeni aliyepanga chumba Mtongwe au karibu na Shelly Beach anaweza kufanya vivyo hivyo. Anza kwa salamu, usianze kwa kuuliza bei.

“Mamangu, mbaazi zimesalia?”

“Zimesalia kidogo, mwanangu. Ngoja nikutilie.”

Ukichelewa hadi saa nne, pengine utapata vitumbua au chapati, na chai ya rangi. Hakuna ubaya, lakini utakuwa umepitwa na mlo bora wa siku.

Mchana: Changamwe

Wageni wengi huiona Changamwe kupitia dirisha la gari. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, na ukitoka hapo kuelekea bara hukawii kufika Miritini, kiliko kituo cha treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Watu hushuka, wakachukua matatu, wakaelekea fuoni. Wanapita mahali ambapo chakula cha mchana hupikwa kwa wingi kuliko vitongoji vingi vya Mombasa.

Hapa ndipo mahali pa kazi. Kuna bandari ya Kilindini, maghala ya makontena, malori yanayoelekea Uganda, Rwanda na Kongo, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kazi hizo zimewavuta watu kutoka kila pembe ya Kenya kwa vizazi kadhaa, na kila jamii imekuja na sufuria yake. Ndiyo maana ukitembea Magongo adhuhuri utakuta wali wa nazi na maharage kwenye kibanda kimoja, ugali na samaki wa ziwani kwenye cha pili, na muthokoi wa Ukambani kwenye cha tatu. Wapishi wanajua kuwa mteja wao amebeba mizigo tangu asubuhi, kwa hivyo sahani hujazwa.

Mpango mzuri ni kufika asubuhi kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, ambacho kiko Changamwe tangu mwaka 1963, ukawatazama mafundi wakichonga twiga na vinyago, kisha ukaenda kula saa sita kamili. Ikifika saa saba, wafanyakazi huwa wamejaa mabenchini. Ikifika saa nane na nusu, kilichobaki ni ukoko.

Ijumaa ina ratiba yake. Ndiyo siku ya pilau na biriani, na hoteli nyingi za Waislamu hufunga kwa muda wakati wa swala ya Ijumaa. Kula kabla ya saa sita na nusu, au subiri watu watoke msikitini.

Jioni: Kisauni

Ukivuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la zamani lililoelea juu ya maji, barabara ya Malindi hukupeleka Kongowea, Bombolulu, Mtopanga hadi Bamburi. Kuanzia saa kumi jioni, kando ya barabara hiyo na ndani ya mitaa ya Mlaleo, Mshomoroni na Kisauni kwenyewe, makarai hutolewa nje.

Cha kwanza ni viazi karai. Viazi vilivyochemshwa humenywa, vikachovywa kwenye uji mzito wa unga uliotiwa manjano na chumvi, vikatupwa kwenye mafuta hadi ganda likakauka. Muuzaji huvipasua katikati kwa kisu, akamimina ukwaju uliosagwa na pilipili ndani ya ufa ule. Kula ukiwa umesimama hapo hapo, ganda lingali kavu. Ukivifunga upeleke chumbani, ukwaju utalilainisha. Sambamba navyo kuna bhajia za kunde, mihogo ya kukaanga yenye ndimu, na kachri za muhogo kwenye mifuko midogo. Familia iliyokwenda kuogelea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, itavikuta karibu na mchanga, pamoja na madafu.

Magharibi ikiingia, zamu huwa ya makaa. Nyama ya mishkaki huwa imelala kwenye papai bichi, tangawizi, thomu na ndimu tangu mchana, na ndiyo maana ukiulizia saa tisa huambiwa bado. Kati ya saa moja na saa tatu usiku ndio wakati wake. Karibu utakuta meza ya pweza: vipande vilivyochemshwa, chumvi na pilipili pembeni, na kikombe cha supu ya moto. Baada ya hapo tafuta muuza kahawa mwenye dele na vikombe vidogo. Kahawa chungu na kipande cha halua au kashata humaliza usiku vizuri.

Likoni nayo ina jioni yake. Watu wanaporudi kazini hupita kwa mama karanga, akina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza kando ya njia. Kama unataka changu au tafi aliyetoka kwenye karai sasa hivi, vuka alasiri kabla ya saa kumi, umngojee huko huko. Utarudi usiku wakati msongamano wa feri unaelekea upande mwingine.

Kwa aliyekodi nyumba yenye jiko

Familia zinazokodi nyumba Nyali, Bamburi au Shanzu zina nafasi ambayo hoteli haitoi: kumwita mpishi wa mtaani na kumpa kazi. Chakula bora cha Mswahili hakiko kwenye menyu. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha akapakwa rojo la nazi, ukwaju, thomu na pilipili tabaka kwa tabaka, akirudishwa motoni kila mara. Nazi yenyewe lazima ikunwe kwa kibao cha mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Ongea na mpishi jana yake, mkubaliane idadi ya watu na ujira, kisha mwende sokoni pamoja.

Soko ni Kongowea, na saa yake ni asubuhi na mapema. Mgeni wa mlimani atakutana na mazao ya kwao: viazi vya Nyandarua na Meru, kabeji na nyanya zilizoteremka kutoka Wundanyi katika milima ya Taita. Kando yake kuna nazi za Kwale na Kilifi. Viazi karai vya Kisauni na mbaazi za Likoni huanzia katika masoko ya namna hii, ambako mlima na pwani huuziana. Kwa samaki, tazama macho yawe maangavu na matamvua yawe mekundu. Vingine mwachie mpishi.

Kalenda ya bahari na ya mwezi

Saa pekee haitoshi; kuna pia majira. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, hutuliza bahari, wavuvi wa ngalawa na mitumbwi huenda mbali na samaki huwa wengi. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka na bei ya samaki hupanda. Atakayekuja Agosti asishangae kuambiwa changu ni ghali. Ale mbaazi, maharage ya nazi na mchicha.

Pweza hufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mwamba huachwa wazi, ndipo wavuvi huwafuata pweza mashimoni kwa mkonjo. Siku za maji mafu, meza nyingi za pweza hukosa bidhaa.

Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo angalia tarehe kabla ya kununua tiketi. Mchana vibanda vingi hufungwa. Lakini kuanzia alasiri, mitaa ya Kisauni na Likoni hujaa kaimati, vitumbua, sambusa, mkate wa sinia na vibibi kuliko wakati wowote wa mwaka. Asiyefunga anaweza kula staftahi chumbani, kisha akatoka saa kumi na moja kununua futari kama jirani yeyote.

Usafi na adabu ya mlaji

Maji ya bomba ni tatizo la siku nyingi Mombasa, na visima vingi vya mitaani vina chumvi. Kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa. Chagua chakula kinachotoka motoni mbele ya macho yako, na kaa palipo na wateja wengi, kwa sababu karai linalouza haraka halilazi chakula. Beba noti ndogo na sarafu. M-Pesa inakubalika karibu kila mahali, lakini mama mwenye mikono ya unga hawezi kushika simu kila dakika.

Neno la mwisho linahusu pesa. Mahoteli ya fuoni huuza malazi pamoja na milo yote, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima bila kununua chochote nje ya lango. Akifanya hivyo, Likoni, Kisauni na Changamwe hazipati kitu kutokana na likizo yake. Mlo mmoja tu kwa siku nje ya lango hununua kibaba cha mbaazi za kesho, gunia la makaa, daftari la mtoto wa shule. Kwa hivyo ukipanga likizo ijayo, chukua malazi na staftahi tu, au malazi peke yake. Usibishanie bei ya hamri na mwanamke aliyeamka saa tisa usiku kulikaanga. Mlipe, mshukuru, na kesho ufike mapema zaidi.