Nafasi ya Yoga katika Tiba ya Ukosefu Sugu wa Usingizi

Ukosefu sugu wa usingizi ni hali ambayo mtu hukawia kupata usingizi, hukatizwa usingizi au huamka mapema mno, angalau mara 3 kwa wiki kwa muda usiopungua miezi 3, ilhali ana nafasi ya kutosha ya kulala, na mchana wake huharibika kwa uchovu na kushindwa kumakinika. Kwa ufafanuzi huu, mtu anayelala saa chache kwa sababu tu kazi humnyima muda hahesabiwi kuwa na maradhi haya, kwani akipata nafasi hulala.

Wataalamu wengi huyaeleza maradhi haya kwa nadharia ya msisimko uliokithiri, yaani mwili na akili kuendelea kuwa katika hali ya tahadhari hata pale palipo salama. Mfumo wa neva unaojiendesha bila hiari una matawi mawili: la simpathetiki, ambalo huongeza mapigo ya moyo na kuuandaa mwili kukabili hatari, na la parasimpathetiki, ambalo huutuliza. Mgonjwa ambaye tawi lake la kwanza halilegei usiku hujilazimisha kulala, na kadiri anavyojilazimisha ndivyo anavyozidi kuwa macho, hata kitanda chenyewe kikawa chanzo cha wasiwasi.

Yoga, iliyoasisiwa India ya kale, huunganisha asana, yaani mikao ya mwili, pranayama, ambayo ni udhibiti wa pumzi, na dhyana, yaani kutafakari. Pumzi za taratibu, hasa zinapotolewa kwa muda mrefu kuliko zinavyovutwa, huamsha neva ya vagasi, njia kuu ya tawi la parasimpathetiki, na mapigo ya moyo hupungua. Wakati huohuo, akili inayofuatilia pumzi hupata pa kutulia badala ya kuhesabu saa zilizobaki kabla ya mapambazuko.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusisha manusura 410 wa saratani waliokuwa na matatizo ya usingizi, waliofanya yoga nyepesi mara 2 kwa wiki kwa wiki 4, pamoja na matunzo ya kawaida, walilala vizuri zaidi na kupunguza matumizi ya dawa za usingizi kuliko waliopata matunzo hayo pekee. Hata hivyo, anayefanya yoga hawezi kufichwa kwamba anaifanya, hivyo matarajio yake mwenyewe huweza kuchangia nafuu anayoieleza.

Kwa sababu hiyo, yoga ni tiba saidizi. Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima waanzishiwe kwanza tiba ya utambuzi na tabia, ambayo hurekebisha fikra za hofu kuhusu usingizi, hupunguza muda wa kukaa kitandani na humtaka mgonjwa ainuke usingizi usipokuja. Yoga haifanyi kazi hiyo, bali hupunguza msisimko unaoifanya iwe ngumu, mradi isigeuzwe kuwa njia nyingine ya kujilazimisha kulala.

Mwenye glakoma aepuke mikao ya kuinamisha kichwa chini, kwani huongeza shinikizo ndani ya jicho. Anayetumia dawa za usingizi asiziache ghafla bila ushauri wa daktari. Na anayekoroma huku pumzi zikikatika achunguzwe kwanza, kwa kuwa tatizo lake linahitaji tiba nyingine.