Kisahani kidogo, bili kubwa: Jioni ya ‘tapas’ mjini Manila

JE, msomaji, ukialikwa chakula cha jioni, kisha mkiwa watu wanne mezani mletewe kisahani chenye kamba sita tu, utafanyaje? Mimi nilikivuta upande wangu, nikashika uma na kuanza kazi. Nilikuwa nimemfikia kamba wa nne nilipoinua macho na kuwaona wenzangu wakinitazama kama mtu aliyekalia chungu cha ukoo mzima.

Hayo yalinikuta mjini Manila, Ufilipino, katika mkahawa mmoja wa Kihispania eneo la Makati, kwenye mabenki na maofisi makubwa. Tulikuwa Wakenya watatu tuliokwenda kwa semina, pamoja na mwenyeji wetu Mfilipino.

Chakula chenyewe huitwa tapas. Kwa Kihispania, tapa ni kifuniko. Wahispania husimulia kwamba hapo kale wenye vilabu walifunika bilauri ya mvinyo kwa kipande cha mkate au nyama ili nzi wasitumbukie, na mnywaji akimaliza kunywa hula na kifuniko. Zipo hadithi nyingine, hata za wafalme, na kila msimuliaji huapa kwamba yake ndiyo ya kweli. La muhimu kwako mgeni ni kwamba hapa hakuna sahani ya mtu mmoja. Visahani huja kimoja baada ya kingine, huwekwa katikati na kila mtu akadokoa. Ikiwa umewahi kuketi mbele ya kibao cha nyama choma na kachumbari pembeni, huhitaji somo zaidi. Kosa langu ni kwamba kile kisahani kilikuwa kidogo mno, sikudhani kinaweza kuwa cha umma!

Huenda unajiuliza chakula cha Uhispania kinatafuta nini mashariki ya mbali. Wahispania walianza kuitawala Ufilipino mwaka wa 1565, wakaufanya Manila makao yao mwaka wa 1571, na hawakuondoka hadi 1898 walipoikabidhi kwa Marekani. Kwa miaka 250, yaani 1565 hadi 1815, merikebu zao zilivuka bahari ya Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, nchini Mexico, zikileta fedha na kurudi na hariri. Nchi yenyewe ilipewa jina la Mfalme Philip wa Pili. Na hapa, msomaji, ukae vizuri. Tangu 1580 mfalme huyo ndiye pia aliyekuwa akitawala Ureno, na ni katika enzi yake, mwaka wa 1593, ambapo Wareno walianza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Si ajabu basi kwamba Mfilipino akisema mesa unamwelewa, na viatu vyake anaviita sapatos, karibu sawa na sapatu za nyanya zetu wa Pwani.

Tuyarudie ya mezani. Wale kamba huja katika kijungu cha udongo, mafuta ya zeituni bado yakichemka, na ndani yake vitunguu saumu na pilipili kavu. Usithubutu kuacha yale mafuta. Wenyeji huchovya mkate hadi kijungu kikauke. Kilifuata kipande cha tortilla, ambayo si chapati kama ile ya Mexico bali ni mayai yaliyokaangwa na viazi na vitunguu, mazito kama keki. Vikaja viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi mwekundu wenye pilipili. Kwa kweli sisi watu wa chipsi hatukuona kipya hapo.

Kilichotusimamisha ni pweza. Huyu huchemshwa hadi alainike, akakatwa vipande, akatiwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha sana, kisha akawekwa juu ya kisahani cha mbao. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Mombasa, mtu aliyekula pweza wa barabarani tangu utotoni. Alitafuna polepole, akafumba macho, akatoa hukumu: “Mpishi ni hodari, lakini huyu amekosa ukwaju.”

Ni mwenzetu huyo huyo aliyetutia hofu dakika chache baadaye. Vililetwa vitu vya rangi ya kahawia, vya duara ndefu, vimekaangwa vikakauka vizuri. Yeyote aliyelelewa Pwani angesema hizo ni kababu. Ndugu yetu alichukua moja, akasema “Bismillahi”, na ilikuwa imekaribia midomo mwenyeji wetu aliporuka na kumshika mkono. Vitu hivyo huitwa croquetas. Ndani yake mna uji mzito wa unga na maziwa, na katika uji huo mna vipande vidogo vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi.

Kukawa kimya. Nguruwe huyo ndiye fahari ya Wahispania. Paja lake huning’inizwa miezi mingi, na la bei ghali hata miaka mitatu au zaidi, kisha hukatwa vipande vyembamba kama karatasi. Likiwa limening’inia ukutani utaliona na kujihadhari. Linalodanganya ni lile lililofichwa ndani ya kitafunio au maharagwe. Mwenzetu aliirudisha ile “kababu” sahanini, akafuta vidole, akasema hana njaa tena.

Tungekuwa tumeharibu jioni kama si mhudumu. Mwenyeji wetu alimwita “Kuya”, maana yake kaka mkubwa, kwani ndivyo Wafilipino humwita hata mtu wasiyemfahamu. Kijana yule hakubahatisha jibu. Alikwenda jikoni, akakaa kidogo, akarudi na orodha mkononi: hiki kina nguruwe, hiki kimetiwa mvinyo, hiki ni samaki na mafuta tu. Wale kamba, alisema, hawakutiwa mvinyo. Tangu hapo kila kisahani kilipita kwake kwanza. Mwenzetu akala ngisi wa kukaanga, zeituni, na mkate uliosuguliwa nyanya, akatushinda sote. Kwa hivyo ikiwa kuna jambo usilolila, uliza kabla mkono haujanyooshwa. Hakuna atakayekuona mshamba.

Sasa bili. Kwa ujeuri tulikuwa tumemwambia mwenyeji kwamba jioni ile ni yetu. Kila kisahani kilikuwa peso mia tatu au nne hivi, nasi tukaona ni mchezo. Peso moja ni zaidi ya shilingi mbili zetu, hesabu ambayo hakuna aliyeikumbuka tulipokuwa tukisema “leta kingine”. Visahani havijazi tumbo upesi, na kila kimoja humwita mwenzake. Tulifika kumi na viwili. Mkate nao ulikuwa na bei yake, na maji pia. Juu ya hayo palikuwa na ada ya huduma, ambayo kwa sheria ya mwaka wa 2019 yote huwaendea wafanyakazi, kwa hivyo ukiwa na kijana kama yule huwezi kununa. Marupurupu ya siku mbili yaliyeyuka. Wewe ukienda, agizeni visahani viwili kwa kila mtu, mtulie, ndipo muulizane kama njaa ingalipo.

Asubuhi yake tuliingia kibanda cha bei nafuu karibu na tulikolala. Orodha ukutani iliandikwa tapa! Nikaapa sirudii. Mwenye kibanda akacheka. Kwa Wafilipino, tapa ni nyama iliyolowekwa viungo na kukaangwa, nayo huliwa na wali wa vitunguu saumu na yai, sahani tele ya mtu mmoja.

“Nyama ya nini?” akauliza yule wa Mombasa.

Mama yule aliweka vidole viwili kichwani kama pembe, akalia “Muu!”

“Na aliyechinja ni nani?” Hilo halikuwa na ishara ya vidole. Mwenzetu akachukua wali na yai, nami nikala nyama yake.